Kunde Moja Juu ya Mlango

Hapo zamani, katika siku ambazo kila mji uliojaliwa kisima cha maji matamu ulijipatia na sultani wa kukilinda, palikuwa na mji uitwao Kitundani, na sultani wake akiitwa Makungu bin Shee. Sultani huyu hakuwa dhalimu wa kukata watu vichwa, na hilo tumshuhudie kwa haki. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, nao ni ubahili, lakini ubahili wenyewe ulikuwa mkubwa hata ungewatosha masultani wa mwambao wote na ungebaki. Ufunguo wa ghala ya chakula hakumpa mtu. Aliuvaa shingoni, akaoga nao, akalala nao, na kila kulipopambazuka aliingia ghalani peke yake akapima kwa mkono wake mchele wa kupikwa siku hiyo, na akisha kuupima hurudisha konzi moja guniani.

Pamoja na hayo yote chakula kiliisha. Chakula ndivyo kilivyo, kikiliwa huisha, lakini jambo hili Sultani Makungu hakulikubali hata kidogo, aliliona kuwa ni utovu wa adabu. Basi akatoa amri juu ya amri. Akaamuru kila tonge litafunwe mpaka mlaji asahau alikuwa akila nini. Akaamuru watumishi wa jumba wale wakiwa wameketi mbele ya kioo, ili kila mmoja aone watu wawili wanakula, ashibe kwa niaba ya wote wawili. Waziri wake, Mwinyi Kondo, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali kwa kichwa kabla maneno hayajasemwa, akaleta shauri la kupasua kila punje ya mchele katikati ili mchele uwe maradufu. Ikawa askari wa Kitundani wameacha kulinda mji, wamekaa uani na visu vidogo wakipasua mchele. Mchele ule ulipopikwa ukawa uji. Sultani akaunywa uji huo huku akishikilia kwamba ni wali.

Sasa, ukuta wa jumba la Sultani upande wa kusini ulikuwa umeegemewa na kibanda cha makuti, na nasema umeegemewa kwa maana siku ukuta ungeondoka kibanda kingelala chali. Humo aliishi mtu mmoja aitwaye Shekue. Shekue hakuwa na shamba, hakuwa na duka, na shughuli yake kubwa ilikuwa kukaa kibarazani na kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Alikuwa na watoto wengi hata akiwaita huwaita kwa kupiga makofi, kwani kutaja majina kungemchukua asubuhi nzima. Alikuwa pia na mama mkwe, Bi Mwanaiki, mwanamke wa moyo mwema na tumbo lisilo na mipaka. Na juu ya wote hao alikuwa na mkewe, Mwanakombo, na mimi nisipomsifu mwanamke huyu nitakuwa nimekula chakula cha mama yangu bure.

Mwanakombo alikuwa haachi kitu kife mikononi mwake. Nazi moja akiikuna, tui lake la kwanza huunga kunde za mchana, la pili hupikia mchicha, na lile la mwisho, lililo jembamba kama maji ya kuoshea, hulowekea ukoko wa wali wa jana, ukawa kifungua kinywa cha watoto, nao hulamba vidole. Machicha ya nazi huyasaga pamoja na pilipili na ndimu, yakawa kitoweo. Kichwa cha samaki hukipikia mchuzi, miba huikaanga mpaka ikawa ya kutafunika, na kipande cha papa mkavu hukichovya chunguni, kikaacha harufu yake, kisha hukitoa na kukitundika tena moshini kwa ajili ya kesho. Basi kibandani mle watu walikula kidogo, lakini walikula wote na walicheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomtesa Sultani. Alikuwa akisimama dirishani, uji wa mchele uliopasuliwa tumboni mwake, harufu ya mchuzi ikimpanda puani kutoka upande wa pili wa ukuta, na watu wakicheka humo kana kwamba kesho ni Idi. Siku moja hakustahimili tena, akamwita Shekue barazani.

"Nashika miguu, Maulana," akasema Shekue, akainama mpaka kofia ikamdondoka.

"Marahaba. Ewe Shekue, huna shamba, huna duka, wala hufanyi kazi yoyote ninayoijua."

"Hata mimi siijui, Maulana, na nimeitafuta sana."

"Mbona basi kila siku nyumbani kwako mna harufu ya mchuzi?"

"Hiyo ni kazi ya Mwanakombo, mke wangu," akajibu Shekue, na hapa ulimi wake ukaanza kumponyoka, kwani mtu huyu alipenda mno kumsifu mkewe mbele za watu. "Mpe kitu kidogo, naye atakifanya kikae. Maulana, nyumbani kwetu chakula hakiishi. Huchoka tu, kikapumzika, na kesho kikaamka tena."

Sultani aliposikia maneno hayo moyo wake uliruka. Chakula kisichoisha! Mwanamke kama yule anapika kwenye kibanda, ilhali jikoni kwa Sultani magunia yanakwisha kama barafu juani! Akamtaka papo hapo awe mpishi wake. Lakini kumnyang'anya mtu mkewe na kumtia jikoni bila sababu kungekuwa aibu hata kwa sultani, ikawa lazima itafutwe sababu. Mwinyi Kondo akamnong'oneza sikioni, Sultani akatabasamu.

"Uliyosema ni makubwa, Shekue, nami nataka kuyaona kwa macho. Nitakupa pakacha moja, na ndani yake mna kibaba cha mchele, kunde kidogo, nazi moja na kipande cha papa mkavu. Kwa pakacha hilo utailisha nyumba yako mpaka mwezi uandame. Usiombe, usikope, usiibe, usinunue, wala usipokee sadaka ya mtu. Watu wako wasikonde. Mwezi ukiandama uniletee pakacha langu hapa barazani, na chakula kiwemo. Kikiwa kimeisha, umemwambia Sultani uongo, na Mwanakombo ataingia jikoni kwangu, atapika humo mpaka uzee wake, na hatatoka hata siku ya sikukuu."

Kila mtu alijua kwamba pakacha lile lilikuwa la kula kutwa moja, na kwamba Bi Mwanaiki peke yake angelimaliza akiwa bado anasubiri chakula.

"Maulana," akasema Shekue, rangi imemtoka, "ikiwa chakula kitamwishia mikononi, unamtakia nini mpishi ambaye chakula humwishia?"

"Usimhoji Sultani," akasema waziri upesi, kabla Sultani hajalifikiria swali.

Shekue akasimama akikuna kichwa. "Nimesikia na nimetii. Kuomba kumekatazwa, kukopa kumekatazwa, kuiba, kununua na kupokea sadaka vimekatazwa. Na kutoa je, Maulana? Kutoa nako kumekatazwa?"

Sultani alicheka hata ufunguo ukarukaruka kifuani. "Kutoa? Toa, ewe Shekue! Toa mpaka mikono ikudondoke!" Na baraza zima likacheka naye, wengine kwa kufurahi na wengine kwa kuhofia kutocheka. Kisha, ili pasiwe na ubishi juu ya kukonda, Bi Mwanaiki akaitwa, na mke wa Sultani, Mwana Zaliha, akatumwa nyuma ya pazia kumpima kiuno kwa uzi, uzi ukakatwa na kuwekwa.

Shekue akarudi kwake na pakacha kichwani. Mwanakombo alipoyasikia yaliyopita aliketi chini jikoni, mwiko mkononi, akalia. "Umeniweka rehani kwa ulimi wako," akamwambia. "Nani atamfunga huyu mdogo mgongoni? Nani atajua kwamba yule hali samaki mpaka atolewe miba? Nitakuwa upande wa pili wa ukuta, nitawasikia wakilia, na sitaweza kuja." Watoto nao wakamzunguka wakalia bila kujua wanalilia nini. Shekue akaona haya, haya za kweli, akaketi kando ya pakacha akaanza kuhesabu kunde.

"Tukila tonge mojamoja tutafika kesho kutwa," akasema Mwanakombo akifuta macho, maana hata katika kilio alikuwa keshapima. "Na mama itabidi afunge."

"Nifunge kwa mwezi gani?" akauliza Bi Mwanaiki kutoka kitandani.

Ndipo Shekue akauliza polepole, "Mke wangu, hivi chombo cha jirani hurudishwaje?"

"Swali gani hilo? Hurudi na kitu ndani."

Na hapa nifafanue kwa ajili ya wanaume, kwani wengi wetu hula vitu hivi bila kujua vimepita njia gani. Kule Kitundani mwanamke akipika hutia kidogo katika sahani, akafunika kwa kawa la kusukwa, akampelekea jirani aonje. Jirani hula, huosha sahani, naye huirudisha na chake ndani, kila mtu kwa kadiri ya nyumba yake. Kurudisha chombo kitupu ilikuwa fedheha ambayo ingemfanya mwanamke afiche uso mpaka mbele ya wajukuu. Na mambo hayo yalikuwa ya wanawake. Mwanamume hakufunua kawa linalopita, wala hakuuliza.

"Na jirani yetu ni nani?" akauliza Shekue.

Mwanakombo akauangalia ukuta. Miaka yote hiyo hawakuwahi kupeleka kitu ng'ambo ile, kwa kuona haya: nani ampelekee sultani mchicha? Akauangalia tena. Machozi yakakauka, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka mbali, kicheko ambacho kilimtia Shekue hofu kuliko kile kilio.

Basi siku hiyo hiyo akachukua kunde moja, nasema moja, akaichemsha kwa chumvi, akaiweka katikati ya sahani, akaifunika kwa kawa lake zuri la miyaa ya rangi, akampa binti yake mkubwa aipeleke jumbani. Binti akafika kwa Mwana Zaliha, akapiga magoti. "Mama anakusalimu sana, Bibi. Anasema wamepika, muonje."

Mwana Zaliha akafunua kawa. Kwanza alidhani nyingine zimemwagika njiani. Akatazama chini ya sahani, akatazama ndani ya kawa. Kisha akaishika ile kunde kwa vidole viwili, na macho yake yakalowa. Bibi huyu aliletwa Kitundani kutoka nyumba kubwa ya mbali, nyumba ambayo masinia yalikuwa yakiingia na kutoka kutwa nzima, na tangu aolewe katika jumba lile hakuna jirani aliyethubutu kumbishia mlango hata kwa kumletea chumvi. "Walikuwa na kidogo," akasema, "na katika kidogo hicho wamenikumbuka." Akaila ile kunde. Akasema ni tamu. Kisha akaingia jikoni, akaamuru mchele wa siku ile upikwe bila kupasuliwa, akapakua wali wa nazi na kuku katika ile sahani mpaka kawa likakaa juu kama kofia ya mtu mwenye kichwa kikubwa, akairudisha.

Kibandani wakala wakashiba, na pakacha likabaki vilevile, limepungua kunde moja.

Siku ya pili Shekue akasema, "Sahani ni ndogo mno, tusimvunjie heshima Bibi." Kunde ikaenda katika sinia. Sinia likarudi limejaa pilau. Baadaye ikaenda katika hero ya mti ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, nayo ikarudi na samaki wa kupaka amekunjwa mkia ili atoshe. Mwana Zaliha hakuuliza. Kadiri chombo kilivyokuwa kikubwa ndivyo alivyoona heshima kuwa kubwa, na alikuwa na kiburi chake cha nyumba ya kwao; hakutaka isemwe kwamba jumba la Kitundani limeshindwa kujaza chombo cha jirani. Vyombo vya Mwanakombo vikaisha. Hapo Shekue akautazama mlango wa kibanda chake, akautazama kwa muda mrefu, akaenda kuazima nyundo kwa seremala.

"Umekatazwa kukopa," akasema Mwanakombo.

Shekue akairudisha nyundo, akaung'oa mlango kwa jiwe.

Ikawa Bi Mwanaiki amesuka kawa la ukubwa wa paa, na watoto wote wakajipanga pande zote za mlango, wakaubeba kupitia njia kuu, na katikati ya mlango, chini ya kawa lile, kunde moja ikiviringika huku na huku. Walinzi wakalazimika kufungua lango la jumba pande zote mbili. Mwana Zaliha alipouona alishusha pumzi, akakunja mikono ya kanzu, akawaita wapishi wote.

Kwa upande wa Sultani hali ilikuwa mbaya. Yeye kila alfajiri alipima mchele wake uleule wa kibahili, nao ulitoka ghalani, ukaingia jikoni, ukapikwa, lakini ulipofika mbele yake ulikuwa umebaki wa kufunika chini ya sahani. Kuku wakatoweka bandani. Yeye na waziri wake wakaanza kukonda, mishipi ikaongezwa matundu. Sultani akasema ni panya, akaingiza paka ghalani. Paka nao wakataka kula. Akaamuru wapishi waimbe wakipika, kwa kuwa mtu anayeimba hawezi kutafuna, na jumba likawa na nyimbo kutwa nzima na njaa ikawa palepale.

Siku moja, akiwa anatoka langoni, alikutana uso kwa uso na ule mlango ukirudi, umebebwa na watumishi walioinama kwa uzito, na kawa juu yake likifuka mvuke.

"Nini hicho?" akauliza, pua yake ikimcheza.

"Chombo cha jirani, Maulana. Kinarudi kwao."

Tumbo la Sultani lilinguruma hata farasi wa mlinzi akashtuka. Lakini kufunua kawa hakuweza, yeye ni mwanamume, na kuuliza kilichomo ni aibu. Juu ya hayo akaingiwa na wasiwasi wake wa kawaida, kwamba chombo cha watu kikikaa kwake kikachakaa atadaiwa kingine. "Vyema," akasema, "kirudisheni upesi! Na muangalie kisikwaruzwe!" Na yeye mwenyewe akasogea kando kukipisha, akakifuata kwa macho mpaka kikapinda pembeni.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake baraza likajaa watu mpaka nje, kwa sababu Kitundani nzima ilitaka kuona mwisho wa jambo hili. Mwanakombo alikuja pia. Alisimama uani pamoja na watoto, ameshika kifurushi cha nguo zake, kwa maana Sultani akiamua kukataa haki nani angemzuia? Mkono wa pili ulikuwa umemshika yule mdogo kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

Kwanza ukaletwa uzi. Mwana Zaliha akaingia nao nyuma ya pazia pamoja na Bi Mwanaiki, na baada ya kuhangaika kidogo sauti yake ikasikika: "Uzi haufiki."

"Basi amekonda!" akadakia Mwinyi Kondo.

"Haufiki, waziri. Ncha hazionani."

Kisha Shekue akaweka pakacha mbele ya Sultani. Mchele ulikuwa umo, hata punje haikuguswa. Papa alikuwa yumo, amezidi kunuka lakini mzima. Kunde zilikuwa zimo, zimepungua kidogo sana. Na nazi ilikuwa imo. Tena ilikuwa imekaa muda mrefu hivi hata ikaota, ikatoa jani la kijani lililochungulia ukingoni mwa pakacha kama mtu anayetaka kujua kesi inaendaje.

Sultani akaishika ile nazi, akaigeuza huku na huku. Alikuwa hajawahi kuona chakula kinachoongezeka. "Ewe Shekue," akasema kwa sauti nyembamba ya mtu mwenye njaa, "umefanyaje? Uliomba?"

"La, Maulana. Nilitoa. Uliniambia nitoe mpaka mikono inidondoke. Kila siku nilitoa kunde moja pakachani mwako nikampelekea jirani."

"Naye?"

"Naye akarudisha chombo."

"Na nini ndani yake?"

"Siku nyingine pilau, siku nyingine kuku wa nazi, siku nyingine samaki. Tulipompelekea kunde juu ya mlango alirudisha biriani juu ya mlango, na mbuzi mzima pembeni kwa kuwa mlangoni palibaki nafasi."

Hapo Sultani Makungu akaanza kucheka. Alicheka akapiga goti, akacheka akamkumbatia waziri, machozi yakamtoka. "Kwa kunde moja! Biriani kwa kunde moja! Enyi watu, mmesikia? Katika mji wangu mna mpumbavu wa namna hii nami sina habari! Mtu huyo hafai kuachiwa chakula hata cha kuku. Niambie jina lake, ewe Shekue. Naapa kwa kiti changu nitampandisha punda akitazama mkia, nitampaka masizi, azungushwe mji mzima watu wakimpigia makopo! Waziri, punda aletwe!"

"Maulana, ni jirani mwema," akasema Shekue. "Tuache hivyo."

"Mtaje!"

"Ana watu wa kumheshimu, Maulana."

"Hata angekuwa nani! Mtaje sasa hivi!"

Shekue akavua kofia yake. "Ni yule anayepakana nami upande wa kaskazini."

Kitambo kikapita, Sultani bado anatabasamu, halafu tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo. "Upande wa kaskazini wa kibanda chako," akasema, "kuna ukuta."

"Naam, Maulana."

"Na ukuta huo ni wa nani?"

Shekue akaitazama kofia yake. Waziri akatazama dari. Nje, punda aliyekwisha kuletwa akalia kwa sauti kubwa, na hapo mtu mmoja nyuma kabisa ya baraza alishindwa kujizuia akacheka, akakimbia kabla hajajulikana.

Pazia likafunguliwa, akatoka Mwana Zaliha. "Mimi ndiye niliyejaza vile vyombo," akasema, na hakuinamisha uso. "Tangu uniingize katika jumba hili hapana mwanamke aliyeniletea hata kijiko cha chumvi, kwa kuwa wote wanajua ghala yako inavyofungwa. Wakaja hawa na kunde yao. Ulitaka nirudishe chombo cha watu kitupu? Punda ameshafika, bwana. Kama ni wa mpumbavu, anza kunipandisha mimi, na wewe ukae nyuma yangu, maana mlango ule uliupisha langoni kwa adabu zote, na ukasema usikwaruzwe."

Sultani aliiva uso kama nyanya. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama Shekue, akaitazama ile nazi na jani lake. Ghadhabu ilikuja mpaka kooni, watu waliiona ikija, na uani Mwanakombo akafumba macho. Lakini mwezi mzima wa njaa ulikuwa umemlegeza, na pale ghadhabu ilipotaka kutoka kikatoka kicheko, kwanza kidogo, kisha kikubwa, tena hiki hakikuwa cha kumcheka mtu mwingine.

"Nimesogea pembeni mbuzi wangu mwenyewe apite!" akasema akijipiga kifuani. "Ewe Shekue, umeshinda. Mwanakombo hataingia jikoni kwangu, akae kwake na wanawe, na atakayemgusa ajue amenigusa mimi."

Mwanakombo akaangusha kifurushi chini, akakaa juu yake, akamvuta yule mdogo mapajani na kulia kwa sauti bila kumjali sultani wala baraza lake. Na kwa kuwa punda alikuwa ameshaletwa, na Sultani hakuvumilia kitu kiletwe kisitumike, akapandishwa Mwinyi Kondo kwa ajili ya lile shauri la mchele.

Alasiri ya siku ile watu wa kibandani walikuwa wameketi mkekani wakilizunguka sinia. Zile kunde za pakacha hatimaye zilikuwa zimepikwa, tui zito juu yake, na ile harufu yake ikapanda ukutani kama kawaida. Mara nje pakasikika mtu anakohoa. Mlango haukuwapo wa kubisha, ulikuwa umelala uani ukikauka baada ya kuoshwa. Akakohoa tena. "Hodi," akasema mtu huyo kwa sauti ndogo, na wote wakageuka. Alikuwa Sultani Makungu, peke yake, bila mlinzi, bila waziri, amesimama mahali ambapo mlango ungekuwa.

"Nimepita tu," akasema, "kuangalia kama ukuta uko salama."

Shekue alifungua mdomo, akaona uso wa mkewe, akaufumba. Mwanakombo alimtazama mtu yule aliyetaka kumtoa katikati ya wanawe. Akamtazama mashavu yaliyoingia ndani, akamtazama macho yake ambayo hayakuwa ukutani hata kidogo, yalikuwa kwenye sinia. Sultani hakusogea, wala hakuamuru.

"Kaa ule, Maulana," akasema Mwanakombo mwishowe, akimsukumia bakuli la maji. "Nawa mikono."

Sultani akanawa, akajipenyeza kati ya watoto, akala. Alikula kama mtu aliyetoka safari, hatafuni wala hasemi, tonge likifuata tonge, kiwiko chake kikienda huku na huku, mpaka upande wake wa sinia ukawa mweupe na mkono ukaanza kuingia upande wa wenziwe. Watoto wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno, mpaka Bi Mwanaiki alipomgusa begani.

"Mwanangu," akasema, "sogea kidogo. Na wenzio wana mikono."

Sultani akasogea.